Mdogo wangu anachora trela kila usiku, mama anataka kuchoma daftari. Nishaurini

Dada_wa_Lanet
Hamjambo wote. Mdogo wangu ana miaka ishirini. Mwaka jana matatu aliyopanda iligongwa na trela pale Salgaa. Yeye alivunjika mkono; rafiki yake aliyeketi kando yake alifariki papo hapo. Mkono ulishapona, lakini habari ya siku ile haitaji kabisa, na lori likifunga breki huko barabarani jasho linamtoka. Usiku anachora kwa biro kwenye daftari la hesabu: trela kwa mbele, taa mbili na bampa, ukurasa baada ya ukurasa. Saa zingine anakandamiza mpaka karatasi inatoboka. Mama anasema anaita mkosi, na mchungaji amemuunga mkono. Mimi naona tumwache, ila naogopa pia. Kuna aliyepitia haya?

Mwalimu_Sanaa_Njoro
Pole sana dadangu. Msichome! Mwaka 2008 nilijitolea kwa wakimbizi wa ndani pale Showground ya Nakuru. Watoto walichora nyumba zinazowaka, tukawaacha wachore. Usimuulize "mbona unachora mabaya," wala usijifanye mganga wa kutafsiri picha. Kaa karibu na shughuli zako, ukichambua mboga au ukikunja nguo. Akikuonyesha, mwambie tu, "nielezee hapa." Na mnunulie karatasi kubwa na rangi, biro inambana.

Omosh_Kondele
Mimi kuchora sijui, niliandika. Baada ya ghasia za 2017 hapa Kisumu, mshauri alinipa njia ya James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani. Utafiti aliouchapisha 1986 pamoja na Sandra Beall ulikuwa wa wanafunzi: dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, unaandika lililokuumiza na ulivyohisi, tahajia achana nayo. Walioandika hivyo walijisikia vibaya zaidi pale pale, lakini miezi iliyofuata walienda kliniki mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Kwa hivyo akinuna baada ya kuchora, msishtuke. Mimi niliandika kwa Kijaluo maana Kiswahili kilinishinda kulia nacho. Karatasi nilizichoma, lakini nilizichoma MWENYEWE. Mama asikie hapo.

Nesi_wa_Zamu
Mmesema vizuri ila kuna jambo mmeliruka. Jasho akisikia breki, kimya, usiku hana usingizi, na sasa ni miezi. Dalili kama hizi zikipita mwezi mmoja, huyo ni wa kuonwa na mtaalamu, na daftari peke yake halitoshi. Tazama kama picha inabadilika. Je, barabara imeingia? Watu? Yeye mwenyewe yumo? Ikibaki bampa ile ile kila siku, basi anazunguka palepale. Hospitali ya rufaa ya Nakuru, ulizeni huduma za afya ya akili. Msalaba Mwekundu nao wana simu ya ushauri, 1199, haitozwi. Akitamka kwamba heri angekufa yeye, msingoje kesho. Mchungaji aombe, maombi hayahitaji kiberiti.

Dada_wa_Lanet
Asanteni jamani. Jana nilikuwa nakunja nguo, akaja mwenyewe na daftari. Ukurasa mmoja haukuwa na trela: ni ndani ya matatu, viti viwili, kimoja kimewekwa jaketi. Nikamuuliza ni ya rangi gani. Akasema, "maruni, ya Brayo." Jina hilo hajalitaja tangu mazishi. Mama bado amekaza kamba, ila amekubali twende hospitali Jumatatu, na daftari nimepewa mimi nilitunze. Mwalimu, hizo rangi ni za aina gani?

Mwalimu_Sanaa_Njoro
Chukua pasteli za mafuta, vile vijiti laini vya rangi; rangi za maji achana nazo. Pasteli zinavumilia mkono mzito. Pakiti ndogo mara nyingi haina maruni. Mwonyeshe apake nyekundu kwanza, kisha kahawia juu yake.