Naomba msaada kuwatambua ndege wa mjini wakati wa baridi

Mama_Dirisha
Wakuu habari zenu. Naishi kaskazini mwa Ulaya, na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuwatazama ndege wa mjini kwa makini majira ya baridi. Mbayuwayu wameshahamia Afrika, miti imepukutika, kwa hiyo waliobaki wanaonekana vizuri. Shida ni kwamba hawafanani na picha za kitabuni.

Mtoni kuna ndege mweupe mwenye mgongo wa kijivu, mdomo na miguu myekundu, na doa jeusi nyuma ya jicho. Kitabu kina ndege wa umbo hilohilo, ila kichwa chake ni cha kahawia. Karibu na kituo cha basi kuna kichaka kimejaa ndege wadogo wa kahawia, wana kelele sana. Wengine utosi wao ni wa kijivu, wengine wa kahawia. Dirishani huja mmoja wa manjano mwenye kichwa cheusi na mashavu meupe. Siku za barafu ni mviringo kama mpira, siku nyingine mwembamba. Ni ndege mmoja au wawili tofauti? Halafu kwenye nyasi za bustani kuna weusi wenye madoa meupe mwili mzima.

Binti yangu wa miaka sita ananiuliza majina yao kila asubuhi, na sipendi kumpa jina la kubahatisha.

MzeeDarubini
Dada, kitabu chako kiko sawa na macho yako yako sawa. Huyo wa mtoni ndiye huyohuyo wa kitabuni. Ni shakwe, kwa jina la kisayansi Chroicocephalus ridibundus. Kichwa cha kahawia ni vazi lake la msimu wa kuzaa. Msimu ukiisha hunyonyoka manyoya yale na kuota meupe, likabaki hilo doa tu. Usiache kumtazama: ikifika Februari na Machi utaona vichwa vinarudia kahawia, vikiwa viraka viraka kwanza. Kila mwaka naingoja siku hiyo kwa hamu.

Wa manjano ni Parus major, na ni mmoja tu. Baridi ikizidi, ndege hututumua manyoya ili hewa iliyonaswa ndani imtunzie joto, basi anaonekana kanenepa ghafla. Usimpime kwa unene. Tazama mstari mweusi unaoshuka katikati ya kifua: ukiwa mpana hadi katikati ya miguu, ni dume, ukiwa mwembamba, ni jike. Akija mdogo kuliko yeye, mwenye utosi wa buluu na mstari mweusi unaopita jichoni, huyo ni mwingine, Cyanistes caeruleus. Wakati wa baridi hawa wawili hupenda kuzunguka katika kundi moja.

Njia_Panda
Hao weusi wenye madoa ni mikesha. Nina hakika.

Binti_Mto
Hapana mkuu, hao ni kwezi, Sturnus vulgaris. Tazama miguu. Kwezi anatembea hatua kwa hatua huku akichomeka mdomo ardhini. Mkesha mweusi (Turdus merula) hurukaruka au hukimbia kidogo, kisha husimama kimya. Tena mkia wa kwezi ni mfupi. Madoa ni ncha za manyoya mapya anayoota mwisho wa kiangazi. Ncha hizo hulika taratibu, na majira ya kuchipua yakifika amebaki mweusi wa kung'aa bila kuota manyoya mapya. Mdomo nao hutoka weusi ukawa wa manjano.

Wa kichakani ni shomoro wa aina mbili. Utosi wa kijivu ni dume la Passer domesticus, na jike lake ni la kahawia hafifu lisilo na alama kubwa. Utosi wa kahawia pamoja na doa jeusi kwenye shavu jeupe ni Passer montanus, ambaye dume na jike wanafanana. Doa la shavuni ndilo la kushika.

Njia_Panda
Nimetoka kuwatazama wa kwetu. Kweli wanatembea. Asante Binti_Mto.

Kengewa
Naongeza la vifaa. Programu ya simu iitwayo Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, husikiliza sauti za ndege na kupendekeza jina. Itumie ikuonyeshe pa kutazama, lakini usiandike jina daftarini kabla hujamwona ndege mwenyewe. Darubini ya 8x42 (yaani inakuza mara nane, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42) inafaa kuliko 10x42, kwa sababu mwanga wa majira haya ni hafifu na ya nane hupitisha mwanga mwingi zaidi hadi jichoni. Na jua likiwa nyuma ya ndege, rangi zote hugeuka nyeusi. Zunguka upande wa pili kwanza.

Mama_Dirisha
Mungu awabariki. Leo asubuhi binti yangu ameona mstari mpana kifuani akasema, "Mama, huyu ni baba." Nimebakiwa na swali moja. Saa nne usiku, karibu na taa ya barabarani, kuna ndege anaimba peke yake, sauti nyembamba kama ya huzuni. Baridi yote hii!

MzeeDarubini
Huyo karibu hakika ni Erithacus rubecula, mwenye uso na kifua cha rangi ya chungwa. Taa za mjini humfanya aimbe usiku. Anaimba majira ya baridi kwa sababu analinda eneo lake, na kwa ndege huyu hata jike huwa na eneo lake na huimba. Kwa hiyo ukimwona usimwambie binti kuwa ni baba. Dume na jike rangi zao ni zilezile. Kesho asubuhi mtafute chini, kwenye vichaka vilivyo karibu na taa hiyo.