Naombeni ushauri: kakao ya kutwanga kwa mama mwenye lehemu (kolesteroli) nyingi

Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 63, tunaishi Kyela na tuna shamba la kakao. Mwezi uliopita alipimwa, akaambiwa lehemu imepanda, apunguze mafuta.

Shida ni kikombe chake cha jioni. Anakaanga mbegu za kakao mwenyewe, anamenya maganda, anatwanga kwenye kinu mpaka zinang'aa kwa mafuta, kisha anachemsha na maziwa na sukari vijiko vitatu. Kikipoa, juu kunaganda utando kabisa.

Nimesoma kwamba karibu nusu ya uzito wa mbegu kavu ya kakao ni mafuta, na mengi ni yale yanayoganda. Lakini zaidi ya nusu ya hayo yanayoganda ni aina iitwayo asidi ya steariki, ambayo haipandishi lehemu mbaya kama asidi ya palmitiki, aina nyingine iliyomo humo humo. Na karibu theluthi ya mafuta yote ya kakao ni asidi ya oleiki, ile ya mafuta ya zeituni. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Binafsi nashuku zaidi maziwa na ile sukari.

Je, nimnunulie unga wa kakao uliokamuliwa mafuta, anywe kwa maji? Au aendelee na ya kutwanga, ila mara mbili tu kwa wiki? Dawa anameza vizuri. Kumkataza kabisa roho inaniuma, ndicho kinywaji alichokuwa akinywa na marehemu baba kila jioni.

Wataalamu wa lishe na mliowahi kuuguza mzazi mwenye tatizo hili, naombeni mnisaidie.