Toyota Fielder ya 2018 kutoka Japani: nitume pesa Ijumaa au niachane nayo?

MamaMwende
Habari zenu wadau. Naomba ushauri kabla sijafanya jambo ambalo siwezi kulirudisha nyuma.

Mimi ni muuguzi, nakaa Utawala, Nairobi. Nikiwa zamu ya usiku nategemea matatu, na wanaojua bypass saa kumi alfajiri wanajua ninachokikimbia. Tena mama yangu yuko Mwingi. Alipata kiharusi mwaka jana, na kila baada ya wiki sita namleta Nairobi kliniki. Kiti chake cha magurudumu hakitoshi kwenye buti ya gari ndogo. Safari iliyopita dereva wa teksi alikifunga juu ya gari kwa kamba, na tulipofika Thika gurudumu moja lilikuwa limelegea. Ndiyo maana nimeng'ang'ania Fielder. Naitakia buti.

Sacco imenipa mkopo, na nikijumlisha na akiba nina milioni 1.7. Nimepata gari mbili.

Ya kwanza iko Japani. Fielder ya 1500cc, si haibridi, ilisajiliwa mara ya kwanza Juni 2018, gredi 4 ya mnada, kilomita 68,000. Bei hadi Mombasa dola 6,800, kama 877,000 zetu. Wakala amenipigia ushuru wa laki sita na nusu. Meli inaondoka Novemba 27, 2025, na muuzaji anasema nisipolipa Ijumaa hii gari itachukuliwa na mwingine.

Ya pili iko yadi ya kuuza magari, Ngong Road. Fielder ya 2017, nambari pleti inaanza na KDJ, wanasema imetumiwa na mtu mmoja. Wanataka milioni 1.55.

Mume wangu anapenda ya yadi kwa sababu unaiona kwa macho. Mimi roho yangu iko kwa ile ya Japani. Nisaidieni.

Wakala_Kilindini
Dada yangu, usitume hiyo pesa Ijumaa. Nafanya kazi ya kutoa magari bandarini na hili naliona kila mwisho wa mwaka.

Sheria ya miaka minane, inayozuia kuingiza gari iliyopita umri huo, ile ya kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na KEBS, shirika la viwango, inahesabu kuanzia mwaka gari iliposajiliwa mara ya kwanza. Gari ya 2018 mwisho wake wa kuingia ni Desemba 31, 2025. Kuanzia Januari 1, 2026 ni 2019 kwenda mbele peke yake. Na kinachotazamwa ni siku gari inapofika Kenya. Siku uliyolipa haitazamwi, wala siku meli ilipong'oa nanga.

Sasa hesabu nami. Meli ya magari kutoka Japani huchukua wiki nne hadi sita, na njiani inapitia bandari nyingine. Ikiondoka Novemba 27 na ikachukua wiki tano, inafika Mombasa Januari 1. Siku moja tu imekuangusha. Na hapo ni kama imeondoka kwa wakati, hakuna dhoruba, hakuna foleni ya meli. Ikikataliwa, gharama ya kuirudisha ni yako. Muuzaji atakuwa ameshalipwa zamani.

Anayekuharakisha ulipe Ijumaa anaijua kalenda hii vizuri. Mwaka mpya ukiingia, gari hiyo hawezi kumuuzia Mkenya tena.

Mzee_Sienta
Binti yangu, pole kwa mama. Nami nilimuuguza marehemu mke wangu akiwa kwenye kiti kwa miaka mitatu, kwa hivyo sikiliza neno langu.

Watu wote hapa watakuambia habari za buti. Kiti kinaingia buti, sawa, lakini mama mwenyewe anaingiaje? Kwenye Fielder mlango unafunguka kwa nje. Ukiegesha pembeni ya gari nyingine pale hospitalini mlango haufunguki wote, na wewe unatakiwa uingize mgongo wako pale katikati, umshike kwapa, umzungushe, umkalishe. Upande mmoja wa mwili wake haukusaidii. Nilifanya hivyo mwaka mzima hadi kiuno kikanikatalia.

Kisha nikanunua Sienta. Mlango wake wa nyuma unateleza, sakafu iko chini, kwa hivyo kiti unakisogeza hadi kinagusa gari na mtu anahama bila kunyanyuliwa. Injini ni 1500cc kama ya Fielder. Viti vya safu ya mwisho unavikunja na kiti cha magurudumu kinakaa. Toyota hata walitengeneza Sienta zenye rampu ya kupandisha mtu akiwa ameketi kwenye kiti chake, zinaitwa Welcab, na huwa zinapita kwenye minada ya Japani. Ubaya wake ni kwamba iko chini kuliko Fielder, na barabara za ndani za Utawala nazijua. Watu huweka spesa kwenye shokabsoba ili kuipandisha kidogo. Lakini mgongo wako hauna spesa, mwanangu.

FundiGrogan
Mzee amesema kweli. Mimi nizungumzie ile ya yadi, maana bado sijaona mtu ameigusa.

Usiende mchana. Nenda asubuhi kabla hawajaiwasha, na uwaambie kwenye simu wasiiwashe. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, wameipasha ili usisikie injini inavyoamka ikiwa baridi, na hiyo ndiyo sauti uliyokwenda kuisikiliza.

Vuta mikanda ya viti hadi mwisho kabisa. Gari iliyozama kwenye maji huoshwa kila mahali lakini ule mkanda wa ndani husahaulika, utaona mstari wa tope. Soma matairi pembeni: nambari nne za mwisho ni wiki na mwaka. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019.

Halafu fungua mlango wa dereva uangalie fremu yake. Mafundi wa Japani hubandika karatasi ndogo kila wanapobadilisha oili. Mwezi wa sita mteja aliniita nikamkagulie gari katika yadi fulani. Dashibodi ilisoma 71,000. Kile kibandiko kilikuwa kimekwanguliwa nusu, lakini nilimulika tochi ya simu nikasoma 104,870, mwaka wa 3 wa Reiwa, kalenda ya Wajapani. Reiwa unaiongezea 2018, kwa hivyo ni 2021. Gari iliyofikisha 104,870 mwaka 2021 imewezaje kuwa na 71,000 leo? Nilimwonyesha mteja, tukaondoka pamoja.

La mwisho ni gia boksi. Fielder hii ni CVT, otomatiki inayotumia ukanda badala ya gia za hatua, na inataka oili yake, Toyota CVTF FE. Hapa mjini wengi huitia ATF, oili ya otomatiki za kawaida, kwa sababu ni bei rahisi, na ukanda wa chuma ulio ndani unaanza kuteleza. Ijaribu kwenye mlima. Injini ikipiga kelele na gari isivute, au ikitetemeka unapoondoka taratibu, iache hapo hapo. Uliza risiti ya huduma ya mwisho. Huyo mtumiaji mmoja wanayemsema lazima awe na risiti.

BabaTasha
Mimi naongeza moja tu kwa uchungu. Mwaka 2023 nilinunua gari yadi, siitaji ni ipi. Gari ilikuwa safi, bei nzuri, nikalipa yote. Logibuku, hati ya umiliki, nikaambiwa "iko njiani". Kumbe gari ilikuwa imechukuliwa kwa mkopo na mwenyewe hajamaliza kulipa. Benki ilikuwa imeandikwa kwenye rekodi kama mmiliki wa pamoja. Miezi saba naendesha gari isiyo kwa jina langu, kila nikisimamishwa na polisi jasho linanitoka.

Shilingi 550 ingeniokoa. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa NTSA, mamlaka ya usafiri, andika nambari ya gari uangalie rekodi yake. Utaona jina la mwenyewe na kama kuna benki. Fanya wewe mwenyewe kwa simu yako, usikubali karatasi ambayo yadi imekuchapishia. Na usilipe yote hadi uone uhamisho umeanzishwa kwenye mfumo.

MamaMwende
Asanteni sana, machozi yamenilenga kusoma ya Mzee. Sikuwa nimefikiria mlango hata kidogo, na kuinua wagonjwa ndiyo kazi yangu.

Wakala, nikiacha hii ya 2018 na kutafuta ya 2019, ushuru haupandi? Na nikibembeleza muuzaji apunguze bei, ushuru unapungua? Halafu nikilipa ushuru, kuna nini tena?

Wakala_Kilindini
Dada, nianze na la kubembeleza. Kwa gari iliyotumika KRA, mamlaka ya mapato, hawatumii bei uliyonunulia. Wana orodha yao, CRSP, ya bei ambayo modeli hiyo ingeuzwa hapa ikiwa mpya, na wanaipunguza kulingana na umri wa gari. Ukipewa gari bure Japani, ushuru ni ule ule.

Tuseme baada ya kupunguza thamani ya forodha inabaki 700,000. Ushuru wa kuingiza ni asilimia 35, yaani 245,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi 1500cc ni asilimia 20 ya jumla ya thamani na ushuru huo, yaani 189,000. VAT asilimia 16 juu ya yote hayo, 181,440. Ada ya IDF, ya tamko la kuingiza bidhaa, asilimia 2.5 na ya reli asilimia 2, zote za ile 700,000, pamoja 31,500. Inafika 646,940, ndiyo hiyo laki sita na nusu uliyopigiwa. Gari hiyo hiyo ingekuwa ya 1800cc, ushuru wa bidhaa ungekuwa asilimia 25 na ungelipa 54,810 zaidi. Usiivuke 1500.

Sasa umri. Gari iliyopita miaka saba hupunguziwa asilimia 65. Kati ya sita na saba ni asilimia 60. Kwa hivyo unatozwa juu ya asilimia 40 ya bei ya orodha badala ya 35, na ushuru unapanda kwa sehemu moja ya saba. Kwa mfano wako ni zaidi ya elfu tisini.

Lakini kwenye ushuru mwezi unahesabiwa. Tafuta iliyosajiliwa mara ya kwanza Januari au Februari 2019, na upange ifike Mombasa Machi 2026. Itakuwa ndani ya sheria ya KEBS na itakuwa imeshapita miaka saba. Mwaka huo una miezi kumi na miwili na watu wanachagua rangi ya gari kabla ya kuangalia mwezi.

Baada ya ushuru kuna gharama za bandari, malipo ya wakala, usajili na nambari pleti, kuileta Nairobi kilomita karibu 480, na bima. Kwa kuwa ni mkopo wa Sacco watataka bima kubwa, si thadi pati. Usiimalize ile 1.7 kwenye gari na ushuru.

Kabla ya kulipa omba karatasi ya mnada yenyewe, ile yenye mchoro wa gari. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W imenyooshwa na kupakwa rangi, XX kipande kimebadilishwa. Gredi R ina historia ya ajali. Hakikisha pia imekaguliwa na QISJ, kampuni ya ukaguzi ya KEBS kule Japani, kabla ya kupakiwa. Akaunti ya benki iwe kwa jina la kampuni, na ukitumiwa barua pepe kwamba akaunti imebadilika, piga simu kwanza.

MamaMwende
Nimempigia muuzaji nikamwambia sitaki ya 2018. Akashusha dola mia nne hapo hapo. Nimekataa.

Mume wangu amekubali tutafute Sienta ya Februari 2019. Lakini Jumamosi twende ile yadi, jirani yao ana Sienta moja, nataka tu kuona kama kiti kinaingia. Nimekipima kikiwa kimekunjwa, sentimita 30 kwa 92. Fundi, unaweza kuja saa moja asubuhi?

FundiGrogan
Nitakuwepo, nitumie ujumbe wa ndani. Usije na vipimo, dada. Beba kiti chenyewe.