Wakubwa wa hesabu musaidie: 16 kipeo 1/2 inakuwaje 4 badala ya 8?

Mutoto_wa_Kadutu
Jambo wakubwa. Niko mwaka ya tano sientifike hapa Bukavu, jana tulirudishiwa interogasio nikapata 3 ju ya 10, aibu tupu. Prof aliuliza 16^(1/2) nami nikaandika 8 juu nusu ya 16 ni 8, ao siyo? Akapiga kalamu nyekundu eti ni 4. Kipeo ya kawaida naielewa, 2^3 ni 2 × 2 × 2, lakini kuzidisha 16 "mara nusu" ni kufanya nini sasa? Na 8^(2/3) njo nilifunga kaye kabisa. Musinitumie formile, iko mu kaye, njo yenyewe siielewe.

Dada_Nguba
Mudogo wangu, hiyo kosa tuliifanya wote. Chukua sheria moja unajua tayari: baze (ile namba kubwa ya chini) ikiwa ni ileile, ukizidisha unajumlisha vipeo, 2^3 × 2^2 = 2^5. Sasa 16^(1/2) × 16^(1/2)? 1/2 na 1/2 ni 1, kwa hiyo inatoa 16. Basi tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inatoa 16. Ingekuwa 8 ungepata 64! Njo maana ni 4, ile munaitaga rasini kare. Hakuna mutu aliamka asubui akaamua ikuwe vile, ni ile sheria ilimulazimisha.

Suderi_Bagira
Miye si prof, nasuderaga milango na matanki. Mteja akitaka kisanduku cha lita 27, pande zote sawa, namupatia ubavu gani? Mchemraba wa desimeta 1 unashika lita 1, kwa hiyo natafuta namba ambayo yenyewe × yenyewe × yenyewe inatoa 27. Ni 3. Hiyo njo 27^(1/3), ubavu wa sentimeta 30. Bon, lakini miye sikatagi lita, nakataga tole, ile bati ya chuma. Uso moja ni 3 × 3, ni 9, na hiyo 9 njo 27^(2/3). Ile 3 ya chini inakutosha ku ujazo inakufikisha ku ubavu, ile 2 ya juu inakupeleka ku uso. Nyuso ni sita, desimeta kare 54 za tole, bila kuhesabu vipande vya kutupa ambavyo mteja hatakagi kulipa.

Mzee_wa_Chaki
Suderi ameeleza kuliko miye na chaki yangu yote. Naongeza tu: anza na rasini, kipeo kisha. 32^(3/5), ukianza na 32^3 unafika 32768, nani ataitafutia rasini ya tano mu kichwa? Anza na rasini ya tano ya 32, ni 2, halafu 2^3, ni 8, umemaliza. Minus ku kipeo inapindua namba tu: 25^(-1/2) ni 1/5, si -5. Na (9 + 16)^(1/2) ni 5, USIVUNJE ukaandika 3 + 4, hapo njo banafunzi wangu banaangukia kila mwaka, kila mwaka! Usione aibu lakini, Newton mwenyewe mu barua yake ya 1676 alieleza kwanza kama anaandika a^(1/2) pahali pa rasini ya a, na barua ilikuwa ya wasomi.

Mutoto_wa_Kadutu
Aksanti sana wakubwa. Nimejaribu: 8^(2/3), kisanduku cha lita 8, ubavu 2, uso 4!! Na 81^(3/4), rasini ya ine ni 3, kisha 27. Sasa rasini ya tatu ya -8 prof alisema ni -2, lakini rasini kare ya -4 akasema haiko. Juu ya nini?

Dada_Nguba
-2 × -2 × -2 inarudi kweli ku -8. Lakini minus kwa minus ni plus, na plus kwa plus vilevile, utapata wapi namba halisi ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inatoa -4?

Suderi_Bagira
Uso wa desimeta kare -4, huyo mteja akuje na tole yake mwenyewe.