Mrejesho: kutoa kwa kuazima, darasa la pili

Walimu wenzangu, mwezi uliopita niliomba ushauri. Watoto wangu wakipewa 42 − 17 walikuwa wanaandika 35, maana walitoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu.

Nimefuata ule ushauri wenu wa kuanza na vijiti vya kuhesabia kabla ya kuandika. Tulifunga mafungu manne ya kumi kumi, vijiti viwili vikabaki peke yake. Nilipowaambia watoe kumi na saba, darasa likawa kimya. Kisha binti mmoja ambaye huwa haongei kabisa akasema, "Mwalimu, tufungue fungu moja." Jamani, nilisisimka! Wakahesabu wenyewe: mafungu matatu, vijiti kumi na viwili. Wakatoa, yakabaki mafungu mawili na vijiti vitano.

Siku nne hatukugusa daftari. Nadhani hapo ndipo nilipokuwa nakosea, nilikimbilia ubaoni mapema mno. Sasa wengi wanapata. Wachache bado wanakwama penye sifuri, kama 50 − 23, na hao nimewaachia vijiti mezani hata wakati wa zoezi.

Asanteni sana, hasa mliosema nisiwaharakishe.