Kuh: Mwanasesere na historia ya Unguja kwa watoto

Assalaam aleikum wanajamaa. Binti ana miaka 8. Shuleni wanasoma enzi ya Malkia Victoria, Unguja haitajwi. Mwanasesere wake ana urefu wa sm 46. Nimvalishe nini, na hadithi niitungeje?
Mama wa watoto wawili, Leicester

---

Wa aleikum salaam dada. Anza na nguo, maana Unguja ya karne ile nguo ilitaja hali ya mtu. Watumwa walivaa merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa kutoka Marekani, au kaniki, yaani merikani iliyotiwa nili. Waliopata uhuru wakazikimbilia leso na kanga. Mshonee mavazi yote mawili, hadithi itoke la kwanza ifike la pili.

Usikate kanga nzima: maua yatammeza na pindo litapotea. Fuata inavyosimuliwa asili ya kanga, leso ndogo sita kuungwa safu mbili za tatu tatu. Kata vipande vya sm 17 kwa 17, mshono sm 1. Ukishapinda ukingo utabaki na sm 45 kwa 30, kipimo kinachomkaa sawasawa. Jina, yaani yale maneno ya kwenye kanga, usiandike. Maandishi yalikuja baadaye, tena mwanzoni kwa herufi za Kiarabu.

Kaniki ifue mpaka maji yatoke meupe, na ndani mvalishe shimizi nyeupe. Rangi nzito ikishaingia kwenye plastiki haitoki.

---

Naongezea upande wa hadithi. Mhusika awe wa kubuni, tukio liwe la kweli: amri ya kufuta utumwa ya Sultani Hamoud bin Mohammed, Aprili 1897. Wengi huandika kwamba kesho yake watu wote walikuwa huru. Si kweli. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kudai uhuru mahakamani, na akishaupata aonyeshe ana makazi na riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909, ingawa hilo lingojee mtoto akue kidogo.

Basi hadithi yenyewe ni ile safari ya mahakamani. Akiondoka shambani kwenye mikarafuu, kibanda atakipoteza? Atalala wapi? Mama yake akikataa kuondoka je? Igawe sehemu tano za kurasa mbili mbili, kila sehemu ikatike pale anapotakiwa kuamua, umuulize binti: wewe ungefanyaje, na kwa nini? Mkimaliza, apigie mstari wa buluu yaliyotokea kweli na mwekundu mliyobuni. Bila hivyo atakwenda kuwaambia wenzake kwamba mwanasesere wake alikuwa mtu wa kweli.

Na tafadhali, msiigize kuuza wala kufunga mtu kamba, hata kwa mwanasesere. Mtoto hujifunza kuonea au kuonewa, historia yenyewe haimwingii. Mwanasesere ashone, asafiri, ajibu maswali ya hakimu.
Baba Toronto