Nyumba ya Bibi, Hombolo: kamba ya bluu ya Nyemo

*Ijumaa, jioni*

Nyemo: [picha] Mzigo umekamilika. Mita 30. Jumapili nalianza lile jabali la juu ya shamba la Bibi 💪

Mama Nyemo: Kamba ya nini hiyo?

Nyemo: Ya kupandia mwamba mama. Manila nene, milimita 12. Nimeitoa hardware pale Majengo, muuzaji kasema inavuta hata Fuso.

Ba'mdogo Yona: Fuso halina uti wa mgongo.

Mama Nyemo: Yona unacheka? Mtoto anataka kufa wewe unacheka?

Nyemo: Shikamoo ba'mdogo. Hakuna anayekufa, nimeangalia video kibao.

Ba'mdogo Yona: Marahaba. Video hazina mbuyu wa kukuzuia ukianguka. @Daudi uko wapi, mdogo wako huyu.

Daudi Nairobi: Shikamooni wakubwa. Nipo kwenye matatu, nikifika naandika. Nyemo, hiyo kamba usiifungue hata plastiki. Labda watakurudishia hela.

Nyemo: Nishaikata ncha 😬

Shangazi Perusi: Daudi, hujambo mwanangu. Huku umetusahau.

Daudi Nairobi: Sijambo shangazi, shikamoo. Desemba nakuja, safari hii kwa njia ya Kondoa.

*Saa 2:40 usiku*

Daudi Nairobi: Haya. Kuvuta Fuso ni kazi moja, kudaka mtu anayeanguka ni kazi nyingine kabisa. Ukianguka mita tatu halafu kamba ikakukata mwendo papo hapo, wewe ndiye unayepokea mshtuko wote, kiuno na mgongo. Kamba ya kupandia imetengenezwa ivutike, ikupunguze mwendo taratibu kama mtu anayefunga breki mapema. Ndani ina nyuzi nyingi za nailoni zilizosokotwa, nje ina ala inayozilinda. Inapimwa kwa kudondosha uzito wa kilo 80, lazima istahimili angalau mara tano, na mshtuko wa dondoko la kwanza usizidi kilonewtoni 12, kama uzito wa tani moja na ushee. Yenye kipimo hicho imeandikwa EN 892, namba ya kiwango cha Ulaya, kwenye lebo ya mwisho wa kamba. Hiyo yako imeandikwa nini?

Nyemo: Haijaandikwa kitu. Ina stika ya bei.

Daudi Nairobi: Basi. Tena hiyo si nailoni, ni polipropilini. Haivutiki vya kutosha, fundo linateleza, na jua la Dodoma litaifanya iwe na vumbi la plastiki. Ishike ukiishusha kwa kasi, mkono unaungua. Ikisuguana na kamba nyenzake inayeyuka.

Ba'mdogo Yona: Hilo la jua ni kweli. Kule site tulifungia turubai kwa manila, baada ya msimu mmoja unaivunja kwa vidole.

Mwl. Eliwaza: Zamani si walikuwa wanapanda na za katani? Wazungu wale wa milimani.

Daudi Nairobi: Za mimea ndiyo dada, na ndiyo maana wa mbele alikuwa haruhusiwi kuanguka. Mwaka 1865, Matterhorn, mlima ulio mpakani mwa Uswisi na Italia: watu saba wamefika kileleni kwa mara ya kwanza, wakati wa kushuka mmoja akateleza, kamba ikakatika, wanne wakaanguka wakafa. Nailoni ilikuja miaka ya 1940, ndipo mambo yakabadilika.

Mama Nyemo: Sasa hizo habari unanieleza mimi za nini usiku huu.

Tabu: Bibi anasikiliza hapa, namsomea. Anasema wao walifuata asali juu ya lile jabali kwa kamba za magome ya mbuyu. Na nyuki bado wapo kwenye ule ufa wa upande wa magharibi, asijidanganye.

Daudi Nairobi: Mbukwa Bibi! Hilo la nyuki liandikwe kwa wino mwekundu. Helmeti haizuii nyuki.

Shangazi Perusi: Mnaongea sana, mimi nina vitu. Belo la michezo nililofungua Jumanne lilikuwa na mikanda ya ajabu ajabu. Sikuelewa ni ya nini nikaiweka pembeni. Subirini nipige picha.

Shangazi Perusi: [picha] [picha] [picha]

Shangazi Perusi: Mkanda wa kiunoni una vitanzi vya mapajani. Vyuma viwili kama vya kufungia mnyororo wa mbwa. Na viatu jozi mbili, hivi ndivyo vilivyonichosha. Vimekaza, soli raba tupu, laini kama mpira wa baiskeli. Mteja alivijaribu pale Sabasaba akanirudishia, anasema nimemuuzia viatu vya mtoto.

Nyemo: SHANGAZI 😭😭 Hivyo ndivyo vyenyewe! Niwekee vyote!

Shangazi Perusi: Elfu tano viatu, mkanda elfu nane. Kwa sababu ni wewe.

Daudi Nairobi: Subiri Nyemo. Shangazi naomba nikuulize, ule mkanda una kalebo kadogo kameshonewa ndani kiunoni? Kanasemaje?

Shangazi Perusi: Maandishi yamefutika. Naona 2009.

Daudi Nairobi: Huo usiuze shangazi. Ukate uwe kamba za mabegi.

Shangazi Perusi: Nini? Haujachanika popote! Nimeuvuta na mume wangu, yeye huku mimi huku.

Daudi Nairobi: Naamini haujachanika. Watengenezaji wengi wanasema vitu vya kitambaa, mkanda na kamba, mwisho miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama vilikaa kabatini. Na huo hatujui ulikaa wapi. Huenda ulilala kwenye buti ya gari karibu na betri. Mvuke wa asidi ya betri unaila nailoni na huoni alama yoyote, rangi ni ileile, mshono ni uleule, siku ukiuwekea uzito unaachia.

Shangazi Perusi: Yaani watoto wa ukoo huu wamevaa belo langu tangu Form One, na wewe Daudi lile koti ulilokwenda nalo Nairobi, leo mitumba imekuwa sumu.

Mama Nyemo: Wifi usikasirike, anaeleza tu.

Shangazi Perusi: Sijakasirika.

Shangazi Perusi: 🎤 0:48

Ba'mdogo Yona: Amekasirika.

Daudi Nairobi: Shangazi nisamehe. Sisemi mitumba mibaya, koti lako ninalo mpaka leo. Mimi najiuliza kitu kimoja: kikikatika, nini kinafuata? Kiatu kikikatika unarudi nyumbani peku. Mkanda ukikatika hurudi. Kwa hiyo viatu mtumba ruksa, tena nawashauri wanaoanza wanunue mtumba, maana mwanzoni unaburuza miguu ukutani na raba ya mbele inaisha upesi. Mkanda, kamba na helmeti, vipya, au vya mtu unayemjua aliyevitunza tangu siku ya kwanza.

Mwl. Eliwaza: Na vile vyuma?

Daudi Nairobi: Karabina. Shangazi ukivigeuza ubavuni kuna namba?

Shangazi Perusi: Kimoja kimechongwa 22 na mshale wa urefu, 8 na mshale wa kukatisha, 7 na kapicha ka mdomo wazi. Kingine ni cha pinki, mjukuu kanisomea Kizungu chake, anasema kimeandikwa si cha kupandia. Sasa kama si cha kupandia kwa nini kimefanana?

Daudi Nairobi: Cha pinki ni cha funguo. Tundika funguo za duka. Hicho kingine ni chenyewe: 22 ni kilonewtoni, kama tani mbili na ushee kikivutwa kwa urefu. Kikivutwa kwa kukatisha, 8 tu. Mdomo ukiwa wazi, 7. Umeona tofauti? Ndiyo maana cha kujifungia kiwe na skrubu ya kufunga mdomo, na kabla ya kuweka uzito unaangalia kimekaa wima. Chuma angalau unaweza kukikagua, mdomo unajifunga wenyewe? kuna mfereji uliolika kwa kamba? Hata hivyo mimi nisichokijua nakitumia kuning'iniza chupa ya maji.

Nyemo: Kwa hiyo nimebaki na viatu tu 😩

Daudi Nairobi: Na ndivyo vya kuanza navyo. Lete picha ya viatu kwa ubavu.

Shangazi Perusi: [picha] Hii ya kijani imepinda mbele kama mdomo wa kasuku. Hii ya kahawia imenyooka.

Nyemo: Kijani! Kijani!

Daudi Nairobi: Kahawia. Ya kijani ni ya watu wanaopanda kuta zinazokuinamia kichwani, itakuua vidole bure. Jabali la Bibi limelala kiasi, ni granaiti yenye chembe kali kama msasa, unachotaka ni raba bapa ikae nyingi juu ya jiwe. Vaa bila soksi. Vidole viguse mbele bila kujikunja, usikie kubanwa lakini usilie. Shangazi, kwenye kidole gumba raba imetoboka? Kitambaa kinaonekana?

Shangazi Perusi: Hapana, nzima. Inanuka tu.

Daudi Nairobi: Zote zinanuka. Hata mpya baada ya wiki.

Ba'mdogo Yona: Mkanda wangu wa mnarani nisingempa, ni mali ya kampuni na haufai kazi hiyo, una pete mgongoni na mikanda mabegani, huwezi hata kuinua goti vizuri. Lakini helmeti ninayo ya ziada nyumbani. Mpya kabisa. Hiyo achukue.

Daudi Nairobi: Ba'mdogo, ndani imeandikwa namba gani?

Ba'mdogo Yona: Ngoja.

Ba'mdogo Yona: EN 397.

Daudi Nairobi: Hiyo ni ya mjengo. Mkanda wake wa kidevuni umewekwa uachie ukivutwa kwa nguvu ya kama kilo 15 hadi 25, ili kofia ikinasa mahali isimnyonge fundi. Ya mlimani, EN 12492, kidevuni inabidi ihimili kilo 50 hivi, kwa sababu mpandaji anaanguka akipinduka na kofia lazima ibaki kichwani.

Ba'mdogo Yona: Miaka kumi na minne minarani. Hili sijaambiwa na mtu.

Ba'mdogo Yona: Kesho naenda kuangalia za vijana wangu zote.

Daudi Nairobi: Naivasha, mwaka wangu wa pili kupanda, nilikuwa chini kabisa namshikia mwenzangu kamba. Akakanyaga gamba la jiwe likashuka, ukubwa wa embe dodo. Sikuliona, nilisikia tu "jiwe!" nikainamisha kichwa. Helmeti ikapasuka kati kama kibuyu. Jioni nilikula chapati na maharage kama kawaida. Kwa hiyo anayesimama chini naye avae, si anayepanda peke yake. Na jabali la Bibi lina magamba, Nyemo. Gonga na ngumi, likilia kama debe tupu usilishike.

Mama Nyemo: Mimi nimeshasema haendi.

Mwl. Eliwaza: Mama, akizuiwa atakwenda kwa siri na hiyo manila. Afadhali hivi. Mimi chaki nitampa, shuleni zipo boksi zima 😄

Daudi Nairobi: Dada chaki ya ubaoni ni jasi, ile ile wanayochimba Itigi. Ikikutana na jasho inakuwa utelezi. Ya kupandia ni magnesiamu kaboneti, wanaitumia na wacheza sarakasi. Lakini kwa anayeanza si lazima. Jifute mkono kwenye suruali.

Nyemo: Kaka sasa nifanye nini mpaka Desemba? Miezi miwili!

Daudi Nairobi: Yale mawe madogo ya chini ya mbuyu, yasiyozidi kimo chako. Unapanda, unakwenda kwa ubavu, unashuka. Hayahitaji kamba. Weka godoro la zamani chini na mtu wa kukuelekeza usiangukie nyuma. Asubuhi mapema, saa 4 jiwe linachoma. Mimi nakuja na kamba yangu ya mita 60, helmeti mbili na breki.

Mama Nyemo: Breki ya nini tena?

Daudi Nairobi: Kidude cha chuma mama, kamba inapita ndani, anayeshika chini akivuta mkono kwenda nyuma kamba inabanwa. Ndicho kinachomruhusu Eliwaza kumshikilia Nyemo bila kutumia nguvu nyingi.

Mwl. Eliwaza: Mimi??

Nyemo: Jabali ni mita 25, mita 60 za nini?

Daudi Nairobi: Kamba inatoka kwako, inapita juu, inarudi kwa anayeshika. Hamsini hizo. Toa za mafundo. Hiyo yako ya mita 30 ungefika katikati ya kushuka imekwisha. Wewe nunua mkanda tu, mpya, huku unapatikana kwa kama dola 60, nitumie nusu nikuletee. Uwe unakaa juu ya mfupa wa nyonga, ukiukaza usiweze kuuvuta ukashuka. Na jifunze fundo la umbo la nane, la kujifungia kamba kwenye mkanda, mpaka ulifunge gizani.

Mama Nyemo: Nusu ya dola 60 anatoa wapi? Ada sijamaliza.

Nyemo: Nitauza zabibu za Bibi msimu ukifika.

Tabu: Bibi anauliza zabibu za nani.

Shangazi Perusi: Daudi, hebu nikuulize. Hivyo viatu vya kahawia vikiwa vipya huko ni shilingi ngapi?

Daudi Nairobi: Kama dola 80 hivi shangazi.

Shangazi Perusi: Aha.

Shangazi Perusi: Nyemo, viatu ni elfu arobaini.

Nyemo: Shangaziii! Si ulisema tano!

Shangazi Perusi: Tano ilikuwa ya viatu vya mtoto. Hivi ni vya kupandia mwamba.

Ba'mdogo Yona: 😂😂😂

Nyemo: Kumi na tano shangazi.

Shangazi Perusi: Thelathini. Na vya kasuku ninavifunga, nitampelekea mtu wangu Moshi.

Nyemo: Ishirini, na manila nakupa ufungie mabelo.

Tabu: Bibi anasema manila isiende kwa mtu. Ndoo ya kisimani ilizama Jumatano, kamba imeoza. Anauliza Jumapili unaileta saa ngapi.

Nyemo: Asubuhi na basi la kwanza, Bibi.

Shangazi Perusi: Haya, ishirini na tano. Uje uvivae nikuone unavyotembea.